Nani atawalisha wanyama wa maabara Jumapili?

Bwana Mhariri,

Mimi ni mtunza wanyama katika maabara ya kitivo kimoja hapa Bukavu. Kazi yangu ni kusafisha vizimba, kubadilisha maranda na kujaza chupa za maji za panya weupe, sungura na kobayi (simbilisi) ambao wanafunzi huwatumia kwa memwari zao, yaani tasnifu za kumalizia masomo. Naandika kwa sababu bajeti za utafiti zinazotufikia huhesabu bei ya mnyama, dawa na vipimo, lakini chakula chake na mtu wa kumhudumia Jumapili havimo.

Mwanafunzi mmoja alikuwa anajaribu mti-dawa wa maumivu ya viungo kwa kobayi. Walilishwa pumba na chakula kikavu cha sungura tu, kwani pesa ya majani haikupangwa. Baada ya wiki chache wakaanza kuchechemea, magoti yamevimba, ukiwashika wanalia. Mwanafunzi akaandika daftarini kwamba dawa ina sumu. Lakini hata wale wa kulinganishia, ambao hawakuonja dawa, walikuwa wanachechemea! Kobayi, kama sisi binadamu, mwili wake haujitengenezei vitamini C. Akiikosa kwenye chakula anapata kiseyeye, na kiseyeye huvimbisha viungo. Nikawa naokota majani ya kabichi yanayotupwa na akina mama wa soko la Kadutu, naongeza na mapera. Wakaanza kutembea tena. Je, memwari ile ingetufundisha nini kuhusu mti ule?

Kwa panya ni hivyohivyo. Maranda yasipobadilishwa, mkojo hutoa amonia inayochoma mapafu. Ukimjaribia panya huyo dawa ya kifua, unapima uchafu wa kizimba.

Wapo wanaoniambia: watu wenyewe wanateseka, wewe unalilia panya. Nawaelewa, maana maisha ya hapa nayajua. Lakini dawa hizo hujaribiwa kwa wanyama ili tuje kuzinywa sisi na watoto wetu. Tena nchi hii ina deni la zamani kwa wanyama. Miaka ya 1950, katika kambi ya Lindi karibu na Kisangani, wakati huo Stanleyville, mamia ya sokwe waliotolewa msituni walitumiwa katika majaribio ya chanjo ya polio. Leo huko Lwiro, si mbali na hapa, tunalea sokwe yatima. Huruma hiyo ifike na kwenye vizimba vya vyuo vyetu.

Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliandika jambo linalofuatwa hadi leo: kama jibu linapatikana bila mnyama, usimtumie, ukilazimika, tumia wachache wanaotosha, na hao uwapunguzie maumivu. Hilo halihitaji mashine kutoka Ulaya.

Naomba wakuu wa vitivo waunde kamati yenye daktari wa mifugo, isome kila mradi kabla mnyama hajanunuliwa. Mradi useme ni wanyama wangapi na kwa nini, nani atawalisha sikukuu, na mwishoni watauawa kwa njia gani. Usiosema hayo urudishwe. Likizo ndefu inakaribia, vizimba vimejaa, na pesa ya pumba bado haijatolewa.

Mtunza wanyama wa maabara,
Bukavu