Superman hana karatasi? Tusome sheria kwanza

Ndugu Mhariri,

Tangu filamu ya Superman ya James Gunn ilipoingia kwenye kumbi za sinema Julai 2025, kuna ubishi ambao haujatulia. Kwa asiyemjua, Superman ni shujaa wa vibonzo aliyetumwa duniani akiwa mtoto kutoka sayari ya Krypton iliyoangamia, na katika hadithi nyingi analelewa Kansas, Marekani, na akina Kent kwa jina la Clark Kent. Gunn aliliambia gazeti la The Times la London kwamba Superman ni hadithi ya Marekani, hadithi ya mhamiaji aliyetoka kwingine. Dean Cain, aliyeigiza Superman kwenye televisheni kati ya 1993 na 1997, akampinga hadharani. Kuanzia hapo wengine wanasema siasa imepachikwa juzi katika burudani ya watoto, na wengine wanajibu kuwa Superman ni mhamiaji asiye na karatasi, kisha wanaishia hapo. Naomba nafasi niwajibu wote, maana hakuna aliyeigusa sehemu tamu ya mjadala huu.

Anayedai kwamba siasa ni ya juzi hajafungua toleo la kwanza. Hadithi yake katika Action Comics namba 1, jarida la vibonzo lenye tarehe ya Juni 1938, iliandikwa na Jerry Siegel na kuchorwa na Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland, Ohio. Wote walikuwa wana wa Wayahudi waliohama kutoka Ulaya, na Shuster mwenyewe alizaliwa Toronto, Kanada. Haki za Superman waliziuza kwa dola 130. Katika kurasa zile chache Superman anamwokoa mwanamke anayekaribia kuuawa kwenye kiti cha umeme kwa kosa asilotenda, anamkomesha mume anayempiga mkewe, kisha anamwandama seneta anayepika muswada wa kuiingiza nchi kwenye vita vya Ulaya. Siasa hizo zimo tangu siku ya kwanza.

Tuuangalie na mwaka wenyewe. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1924 ilianza kwa kuruhusu kila taifa asilimia 2 tu ya watu wake waliohesabiwa Marekani katika sensa ya 1890. Sensa hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Ilitangulia wimbi kubwa la Wayahudi, Waitaliano na Waslavu, kwa hiyo mgao wao ukawa mdogo mno. Julai 1938 nchi 32 zilikutana Évian, Ufaransa, kuwajadili Wayahudi waliokuwa wakiukimbia utawala wa Hitler, na karibu zote zikaondoka bila kuongeza nafasi. Mtoto anayepakiwa chomboni na wazazi wasioweza kusafiri naye alichapishwa katika mwaka huohuo. Tena mwaka 1946 mchezo wa redio wa Superman ulitumia vipindi 16 kukifichua kikundi cha wabaguzi kilichofanana na Ku Klux Klan, baada ya kikundi hicho kuiandama familia yenye asili ya Kichina.

Sasa suala la karatasi. Sheria ya uraia ya Marekani, kifungu cha 1401(f), inasema mtu ambaye wazazi wake hawajulikani, aliyepatikana ndani ya Marekani akiwa chini ya umri wa miaka mitano, ni raia tangu kuzaliwa, isipokuwa ithibitishwe kabla hajatimiza miaka 21 kwamba hakuzaliwa humo. Chukua masharti hayo uyapime moja baada ya jingine. Umri: katika filamu ya 1978 mtoto anafika Kansas akiwa na miaka kama mitatu, na katika ya 2025 anafika akiwa mchanga. Mahali: shamba la Smallville, ndani ya mipaka. Wazazi: hakuna aliyewajua. Muda wa kuthibitisha: maandishi yanayofungua filamu ya 2025 yanasema mtoto alifika miongo mitatu iliyopita na akajitangaza miaka mitatu iliyopita. Alikuwa na miaka kama 27. Dirisha la kumvua uraia lilikwisha fungwa.

Hivyo Clark Kent ni raia, kwa njia ya sheria ya mtoto wa kuokotwa. Anayemwita mhamiaji haramu amekosea, na anayemtetea kwa jina hilohilo amekosea pia.

Kasoro ipo kwingine. Katika filamu ya 1978 Martha Kent, mama mlezi, anapanga kusema mtoto ni wa binamu yake wa North Dakota, amefiwa na wazazi. Uongo huo wa huruma ndio ungemponza. Kifungu kinamlinda mtoto aliyepatikana bila wazazi kujulikana, lakini familia iliyoripoti wazazi wa kubuni imejifungia mlango huo kwa mkono wake, na cheti chochote kilichotolewa kwa maelezo hayo kina dosari ya udanganyifu. Njia salama ilikuwa kumpeleka kwa wenye mamlaka siku ileile, umri ukakadiriwa na daktari, mahali alipopatikana pakaandikwa, kisha wakaomba kumlea kisheria. Toleo la 1938 ndilo lililo karibu zaidi na utaratibu huu, kwa sababu msafiri aliyemkuta alimpeleka kwenye kituo cha watoto yatima. John Byrne, mwandishi wa vibonzo, alipoiandika upya asili ya Superman mwaka 1986, alilimaliza tatizo kwa njia nyingine kabisa. Chombo chake kilibeba tumbo la uzazi la kutengenezwa, likafunguka Kansas, na mtoto akahesabiwa amezaliwa hapo. Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, ya 1868, yanatosha kwa mtoto wa namna hiyo.

Kwetu je? Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 14(4), inamchukulia mtoto anayepatikana nchini, mwenye umri wa chini ya miaka minane au anayeonekana hivyo, ambaye uraia na wazazi wake havijulikani, kuwa raia wa kuzaliwa. Katiba ya Uganda, Ibara ya 11, inaweka kikomo cha miaka mitano. Kwa umri, Kenya ni karimu zaidi. Lakini Ibara ya 17(2) ya Kenya inaruhusu uraia huo ufutwe endapo uraia au wazazi wa mtu vitajulikana na kuonyesha alikuwa raia wa nchi nyingine, na ibara hiyo haitaji kikomo cha miaka 21. Chombo kingetua Turkana badala ya Kansas, siku ujumbe wa wazazi wake unaposikika hadharani jalada lake lingeweza kufunguliwa, hata akiwa mzee. Wakili wake angejibu kwamba Krypton imeangamia, na kumfutia uraia ni kumwacha bila nchi yoyote. Hoja hiyo inawahusu watu halisi wengi, na natamani vyuo vyetu vya sheria viwape wanafunzi waijadili.

Ujumbe huo wa wazazi ndio moyo wa filamu ya 2025, na unapitwa haraka mno katika ubishi. Lex Luthor, adui wa Superman, anaupata na kuutangaza, na sehemu iliyokuwa haijawahi kusikika inamwagiza mtoto awatawale wanadamu. Hofu ileile inayotajwa kila mahali dhidi ya wageni, kwamba wamekuja kututawala, hapa inapewa ushahidi. Gunn angeweza kuukanusha ujumbe mwishoni, ikasemwa kwamba ulighushiwa. Hakufanya hivyo. Aliacha wazazi wawe na nia mbaya, na mtoto ahukumiwe kwa matendo yake na kwa malezi ya Kansas. Huo ni ujasiri wa uandishi. Halafu Superman anajisalimisha na kutupwa katika gereza linaloendeshwa na Lex, bila mahakama. Uraia niliouthibitisha hapo juu haukumsaidia kitu. Kama kuna hoja ya uhamiaji ndani ya filamu hii, iko katika gereza hilo kuliko katika kauli yoyote ya mahojiano.

Black Panther ya 2018 inatuhusu kwa karibu zaidi. Nakia, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o, anamwambia mfalme T'Challa kwamba Wakanda, nchi tajiri ya kubuni ya Afrika iliyojificha, ingeweza kutoa misaada, teknolojia na hifadhi, kwani nchi nyingine zinafanya hivyo. W'Kabi, rafiki wa mfalme, anajibu kwamba ukiwaruhusu wakimbizi waingie, wanakuja na matatizo yao. Maneno hayo yanatoka kinywani mwa Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London, mwana wa wazazi wa Kiganda. Na Uganda, kwa Sheria ya Wakimbizi ya 2006, inawaruhusu wakimbizi kufanya kazi na kutembea nchini, na katika makazi kama Nakivale wamekuwa wakigawiwa ardhi ya kulima. Nayo Tanzania, kufikia 2014, ilikuwa imewapa uraia takriban Warundi 162,000 wa kundi la wakimbizi wa 1972. Nakia alikuwa na mifano jirani.

Filamu inasifiwa kwa kufungua mpaka. Itazameni tena mpaka mwisho. T'Challa ananunua majengo Oakland ili aanzishe kituo cha kusaidia jamii, kisha anahutubia Umoja wa Mataifa. Hakuna mkimbizi hata mmoja anayeonekana akipokelewa Wakanda. Maarifa yalitoka, watu hawakuingia, na W'Kabi, aliyeshindwa vitani, hoja yake haikujibiwa.

Lililo baya zaidi lilitokea kwa Waskrull, viumbe wa kubuni kutoka sayari nyingine wanaoweza kujigeuza sura. Captain Marvel ya 2019 iligeuza mambo vizuri: viumbe walioonyeshwa kama wavamizi wakabainika kuwa familia za wakimbizi zinazotafuta makao. Mwaka 2023 mfululizo wa Secret Invasion ukawarudisha kuwa majasusi waliojificha miongoni mwa watu, ukataja ahadi ya makao iliyovunjwa kwa miaka 30, kisha ukaizika chini ya mapigano.

Lawama yangu kwa filamu hizi ni kwamba mgeni anakubaliwa akishatuokoa. Wamakonde wa Kwale, ambao wazazi wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi mashambani, walitambuliwa na serikali ya Kenya mwaka 2016. Wapemba wa pwani walitambuliwa 2023. Hawakutakiwa kuinua magari. Walistahili kwa kuwa walizaliwa, wakaishi na kufanya kazi hapa. Katika Superman ya Gunn mtu wa aina hiyo ni Malik Ali, mchuuzi wa chakula asiye na nguvu yoyote, anayeuawa na Lex ili Superman atoe siri. Ana dakika chache tu kwenye filamu.

Naomba wahakiki wenu wa filamu waandike kuhusu dakika hizo. Na watafsiri wanaosimulia filamu kwa Kiswahili katika vibanda umiza wayape maneno ya Nakia na ya W'Kabi muda kamili. Ni mazungumzo mafupi, hayana ngumi, na ndiyo rahisi kufunikwa na kelele za msimulizi anayeharakisha kufika kwenye vita.

Msomaji wenu,
Mombasa