Vyura mabwawani: tutumie wavu, tuache sumu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wafugaji wenzangu wa samaki wa Rungwe, Mufindi na Njombe waache kumwaga viuatilifu vya mazao mabwawani kwa nia ya kuua vyura. Ni kweli kwamba wapo vyura wanaomeza vifaranga vya samaki, lakini sumu haichagui, na maji ya bwawa huishia kwenye kijito ambacho jirani wa chini anachota.

Huko Florida, nchini Marekani, wanakosumbuliwa na chura wa mtini aliyetoka Kuba, wenye nyumba husimika ardhini kipande cha bomba la plastiki chenye urefu wa karibu mita 1, na chura huingia humo kujificha mchana. Mtu hufunika mdomo wa juu kwa mfuko, huling'oa bomba, kisha humsukuma chura kwa kijiti kutoka chini mpaka aangukie mfukoni. Ninachokipenda zaidi katika njia hiyo ni kwamba aliyenaswa hutazamwa kwanza, kwa kuwa vyura wa asili nao huingia humo, na hao huachiwa.

Vyura wetu ni wenyeji, hivyo hatuna sababu ya kuwaangamiza. Inatosha kuopoa mayai asubuhi kwa wavu wa madirisha ulioshonewa kwenye duara la waya na kufungwa kwenye mpini wa mwanzi, kufyeka majani ya kingoni, na kuzungushia bwawa uzio wa wavu huohuo. Wanaokamatwa waachiwe papo hapo nje ya uzio, wala wasipelekwe bonde jingine, maana kuvu anayeshambulia ngozi ya vyura huenea kwa maji na matope. Chura wa Kihansi, katika milima ya Udzungwa, ambaye makazi yake ya asili hayako kwingine kokote duniani, alipungukiwa na manyunyu ya maporomoko maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000. Kuvu huyo akabainika huko mwaka 2003, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba ametoweka porini. Waliorudishwa mwaka 2012 walitokana na wale waliokuwa wametunzwa Marekani.

Nawaomba maofisa uvuvi wa halmashauri zetu watuonyeshe utengenezaji wa nyavu hizi wanapokuja kukagua mabwawa, na wafanye hivyo kabla ya mvua za Novemba, kwani ndipo vyura wengi wanapoanza kutaga.

Mfugaji wa samaki,
Tukuyu, Mbeya