Kwa nini .280 haikupata soko

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Arusha, na ninatumaini wewe na familia hamjambo katika baridi ya huko Colorado. Ama baada ya salamu, umeniuliza kwa nini bunduki ya .280 Remington ambayo jirani yako anataka kukuuzia kwa bei ya chini haina risasi katika maduka ya mji wenu, ilhali rafu za .270 Winchester zimejaa tele, na ukashuku kwamba huenda ina kasoro unayofichwa. Kwa risasi yenyewe, kasoro haipo.

Mwombe jirani akuwekee mezani risasi moja ya .280 na moja ya .270, uzitazame kwa makini. Utaona kwamba ni ndugu, kwa kuwa zote mbili zilitokana na ganda la .30-06, risasi ya zamani ya jeshi la Marekani, ila bega la .280, yaani pale ganda linapoanza kuwa jembamba, limesogezwa mbele kwa milimita 1.3 hivi. Jambo hilo lilifanywa kwa makusudi: kichwa cha .280, ile sehemu inayoruka kumfikia mnyama, ni kinene zaidi kwa karibu sehemu ya tano ya milimita, na kiwanda hakikutaka mtu aisukume kwa bahati mbaya ndani ya bunduki ya .270. Kulungu aliyepigwa vizuri na yoyote kati ya hizo hataonyesha tofauti, na kwa mnyama mkubwa kama elki mimi ningeichagua .280, kwa sababu vichwa vya milimita 7 hupatikana kwa uzito mkubwa zaidi.

Tatizo ni kwamba .270 ilitoka mwaka 1925, na kwa miaka mingi ilikuwa na msemaji hodari, Jack O'Connor, aliyeisifia katika jarida la Outdoor Life mpaka wawindaji wengi wakaiona kuwa chaguo lisilohitaji mjadala. Remington walikuja na yao mwaka 1957, wakati nafasi ilikwisha kukaliwa, tena wakaianzisha katika Model 740, bunduki inayojipakia yenyewe, ambayo haikufaa kwa shinikizo kubwa. Kwa hiyo .280 iliwekewa kikomo cha paundi 60,000 kwa inchi ya mraba, ilhali .270 inaruhusiwa 65,000, na mnunuzi aliyelinganisha majedwali ya kasi hakuona sababu ya kubadili. Miaka mitano baadaye kiwanda hichohicho kikatoa 7mm Remington Magnum, iliyowavuta waliotaka kichwa cha milimita 7 chenye kasi kubwa. Mwaka 1979 waliibadilisha .280 jina, wakaiita 7mm Express Remington, na wanunuzi wakaanza kuichanganya na hiyo Magnum, jambo ambalo kwa silaha ni la hatari na wala si usumbufu tu. Haukupita muda mrefu jina la zamani likarudishwa. Sijui kama kuna namna bora zaidi ya kumfukuza mteja aliyekuwa tayari kununua.

Hata hivyo, mfano unaonifundisha zaidi ni wa mwaka 1955, pale Winchester walipotoa .243 na Remington wakatoa .244, zote mbili zikitumia kichwa cha milimita 6. Ganda la .244 lilikuwa kubwa zaidi, na kwa baruti peke yake lilistahili kushinda. Lakini Remington waliifikiria kama risasi ya koyoti na wanyama waharibifu wadogo wa mashambani, hivyo mifereji ya ndani ya mitutu yao, ile inayoipa risasi mzunguko, ilikamilisha duara moja katika kila inchi 12, mwendo unaotosha vichwa vifupi vya greni (kipimo cha uzito wa risasi) 75 na 90. Winchester walichonga duara moja kwa kila inchi 10, mzunguko wa haraka unaotosha hata vichwa virefu na vizito, wakauza risasi za greni 80 pamoja na za greni 100. Mwindaji wa kawaida wa Marekani alitaka bunduki moja kwa wanyama wadogo na kwa kulungu pia, na aliamini kwamba kulungu anahitaji greni 100, yaani gramu 6.5. Greni 90 zilikuwa zikimwangusha kulungu bila shida, lakini nani angesimama dukani kubishana na kila mteja? Mwaka 1963 Remington waliirudisha sokoni kwa jina la 6mm Remington, ikiwa na mifereji inayoizungusha risasi haraka zaidi, na kufikia hapo .243 ilikwisha kuenea kila mahali.

Baada ya hapo duka ndilo huamua. Mwenye duka huagiza kinachotoka upesi. Kiwanda cha risasi hutengeneza kinachoagizwa. Kiwanda cha bunduki huchonga mitutu ya risasi zinazopatikana. Na mnunuzi anayeanza, akiona aina moja tu ya risasi katika rafu, hununua bunduki inayoila. Huku kwetu Afrika Mashariki yaliyoipata .318 Westley Richards ya mwaka 1910 yanafanana na hayo. Ilisifiwa sana na wawindaji wa zama zake, W. D. M. Bell wa Karamoja akiwa mmojawapo, lakini kichwa chake kilikuwa na kipenyo cha pekee, na kiwanda cha Uingereza kilipoacha kuitengeneza, bunduki nyingi zilibaki mapambo ya ukutani. Wakati huohuo .375 H&H (Holland & Holland), iliyozaliwa mwaka 1912, iliendelea kuishi kwa sababu viwanda vya Marekani navyo viliikubali.

Kwa hiyo, ukiwa tayari kuagiza risasi zako mapema kabla ya msimu, au kujifunza kujaza maganda mwenyewe, inunue. Ikiwa ni ya komeo, yaani ile unayoipakia kwa kuvuta na kusukuma komeo kwa mkono, ni bora zaidi, kwa kuwa inastahimili shinikizo kuliko ile Model 740. Kabla ya kulipa, soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu. Yakisema 7mm Express Remington, usiogope, hiyo ni .280 ileile, yakisema 7mm Remington Magnum, jirani yako anakuuzia kitu kingine kabisa, na risasi zake utazipata katika duka lolote.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako katika urafiki