Risala kwa Mgeni Rasmi: Taveta Kabla ya Mpaka

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu uliyetupa ukumbi huu, mwenyekiti wetu, wazee mliosafiri usiku kucha kutoka Taveta, wazazi na wanafunzi, hamjambo. Itifaki imezingatiwa.

Sisi wana Taveta tuishio Nairobi tunakushukuru kwa kukubali kuja kutufungulia maonyesho haya ya picha na ramani za kale. Tumeyaandaa kwa ajili ya watoto wetu hasa. Wengi wamezaliwa Umoja, Kayole na Kawangware, na wakiulizwa kwao ni wapi, hujibu: "Kule mpakani, ukikaribia Moshi." Si uongo, lakini habari hiyo wanaianzia mwishoni. Taveta haikuzaliwa na mpaka wa Kenya na Tanzania. Mpaka uliikuta pale.

Mgeni rasmi, mto Lumi unaoingia Ziwa Jipe ulilisha msitu mnene, na ndani ya msitu huo Wataveta walilima migomba yao, njia za kuingilia wakizifunga kwa malango ya magogo. Nje ya msitu ni nyika. Msafara uliotoka Mombasa ulikuwa ukifika hapo hoi, midomo imekauka, na ghafla ukakutana na maji, ndizi, kivuli na usalama. Ndiyo maana wafanyabiashara wa pwani walipafanya kituo: walijenga vibanda, wakapumzika, wakanunua vyakula, kisha ndipo wakaelekea Umasaini.

Msafiri Mskoti Joseph Thomson alipopita mwaka 1883 aliambiwa hapo Taveta kwamba shanga alizobeba hazikutungwa kwa kipimo wanachokipokea Wamasai. Bila kipimo hicho hakuna biashara wala ruhusa ya kupita. Basi mafurushi yakafunguliwa, na wapagazi waliozoea mizigo ya kichwani wakaketi chini kutunga shanga upya, uzi kwa uzi. Tunaipenda sana habari hii, maana inaonyesha Taveta ilikuwa mahali pa kupata maarifa ya safari. Mgeni aliyejidhani anajua kila kitu alisahihishiwa pale.

Mwaka uliofuata akaja Mwingereza Harry Johnston, naye akaondoka na karatasi zinazosema wazee wamempa ardhi. Wazee wale walidhani wanakubali nini? Kila mmoja hapa ana jibu lake. Ila karatasi hizo zilipita mkono hadi mkono mpaka zikafika kwa wakubwa wa kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, na Uingereza ikapata sababu ya kuing'ang'ania Taveta.

Ndipo ukaja mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886. Ramani iko ukutani upande wako wa kulia. Mstari ulianzia mlangoni pa mto Umba, ukanyooka hadi Ziwa Jipe, ukalizunguka ziwa upande wa mashariki na kaskazini, ukavuka Lumi, kisha ukapita katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga. Taveta imetajwa kwa jina katika maandishi yale. Waliochora walipajua mahali hapo, wakapafanya alama ya kupimia mstari wao, bila Mtaveta wala Mchaga kuitwa mezani.

Hapa, mgeni rasmi, turuhusu kuondoa hadithi moja inayosimuliwa hata na waongozaji watalii: eti Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake, Kaiser Wilhelm wa Ujerumani, mlima Kilimanjaro, ndiyo mpaka ukapinda. Mlima uliangukia upande wa Wajerumani katika mkataba huo wa 1886, na mjukuu huyo hakuwa Kaiser hadi mwaka 1888. Hadithi ni tamu, lakini inaugeuza ugawaji wa nchi za watu kuwa mambo ya sikukuu ya kuzaliwa.

Mpaka huo ulileta moto wa Vita Kuu ya Kwanza Agosti 1914, Wajerumani walipovuka na kuiteka Taveta. Waliishikilia hadi Machi 1916. Waingereza walijenga reli kutoka Voi kuwafuata, wakakishambulia kilima cha Salaita tarehe 12 Februari 1916 na kurudishwa nyuma, kisha mwezi uliofuata wakapigana kwenye vilima vya Latema na Reata. Reli ikafika Taveta na kuendelea hadi kuungana na ile ya Wajerumani iliyotoka Tanga kwenda Moshi. Kwa hiyo ile reli ambayo wengi wetu tuliambiwa ndiyo iliyouleta mji, ilijengwa kwa ajili ya vita.

Makaburi ya askari wa vita hivyo yapo Taveta hadi leo, yametunzwa vizuri. Majina ya wapagazi waliobeba risasi na unga hutayaona kwenye mawe hayo. Anayewatafuta wapagazi aende hapa hapa Nairobi, kwenye sanamu za askari Kenyatta Avenue, ambako wameandikwa kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Hata hapo, ni wote kwa ujumla.

Ya baadaye mnayafahamu: mashamba ya mkonge, jumba la mlowezi Ewart Grogan juu ya kilima, na suala la ardhi lililobaki mwilini mwetu kama mwiba. Hilo lina kikao chake, na leo hatutalifungua.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tuna maombi matatu. La kwanza, utusaidie kupata nakala za barua na ramani za wilaya ya Taveta zilizohifadhiwa Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue. Ada za kunakili zimetushinda. La pili, basi la kuwapeleka wanafunzi Taveta likizo ijayo, wauone Lumi, Ziwa Chala na Salaita, na wafike siku ya soko, Jumatano au Jumamosi. La tatu ndilo la haraka: vinasa sauti vya kuwarekodi wazee wetu kwa Kitaveta. Watatu kati yao wameketi mstari wa mbele, na wamekubali kuanza leo, mara tu baada ya chakula.

Ahsante kwa kutusikiliza. Karibu uyafungue maonyesho.

Imesomwa na katibu, kwa niaba ya wanachama.