Kaka, usimshike Baba mkono

Kaka, shikamoo.

Jana kwenye simu ulisema tangu Baba apate kiharusi mkono hauna nguvu, kwa hiyo karatasi za nyumba utamshika mkono, saini itoke, yaishe. Nilinyamaza, lakini sikukubali. Nakuandikia hadharani kwa sababu wengi wana mzee kitandani na karatasi mezani.

Mwaka 1830 Uingereza ilikuwa na mgonjwa wa namna hiyo, Mfalme George wa Nne. Mwili umejaa maji, kalamu haishikiki. Na kule saini ya mfalme huwekwa juu kabisa ya hati, siyo chini kama zetu: jina lake, kisha herufi R, ya neno la Kilatini la mfalme au malkia. Bila saini hiyo hati nyingi za serikali hazisogei. Wangeweza kumshika mkono usiku, nani angejua? Badala yake Bunge likatunga sheria. Muhuri wa saini yake ukaruhusiwa, ila upigwe mbele ya macho yake, kwa amri aliyoitoa kwa kinywa chake, mashahidi wakiwepo. Alifariki Juni 26 mwaka huohuo. Mtu wa kuhesabiwa siku, na bado walitaka kusikia sauti yake kwanza!

Kwao jambo hili lilikuwa na historia. Henry wa Nane alipochoka, karani wake William Clerk alitumia chapa kavu. Unaibonyeza kwenye karatasi, inaacha alama ya saini bila rangi, kisha unapitisha wino taratibu juu ya alama ile. Ukiitazama, ni mkono wa mfalme mtupu. Wosia wake wa Desemba 30, 1546 ulipita kwa chapa hiyo, ilhali sheria ya urithi wa kiti cha enzi ilitaka mkono wake mwenyewe. Januari akafa. Miaka kama ishirini baadaye, upande wa Mary Stuart, malkia wa Uskoti, ambao wosia uliwaruka katika urithi huo, ukasimama na hoja: mfalme hakutia saini. Wa kumuuliza alikuwa kaburini zamani.

Sisi ni watoto saba wa mama wawili, Kaka. Swali hilo unajua litatokea mlango gani.

Na Baba anaongea. Ijumaa aliniuliza kama mvua imefika huko, akataja na shamba la bondeni kwa jina lake. Basi aje wakili, amsomee karatasi neno kwa neno, amuulize, Baba ajibu mwenyewe. Akikubali, achovye dole gumba lake kwenye wino, Baba Mdogo na mjumbe wakiona. Na Mama Mdogo aitwe, akae chumbani humo humo, asije kusimuliwa.

Napanda basi Alhamisi. Naomba msianze kabla sijafika.

Mdogo wako.