Barabara ya pwani inajengwa, baiskeli nazo ziachiwe njia

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo moja kuhusu hii barabara ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo inayowekwa lami, na nalisema kama mtu anayepita huko kwa baiskeli siyo kwa gari. Mi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, likizo ndefu ikifika mi na rafiki yangu tunafunga mizigo kwenye keria tunaondoka, tumeshafanya hivo mara nne, na kila nikirudi watu wananiuliza kwani ulikosa nauli. Sikukosa nauli. Naomba mnisikilize.

Sisi tunaanzia juu, Lushoto. Baiskeli tunapandisha na gari mpaka kule maana kupanda kwa miguu na mzigo kunakula siku nzima, halafu asubuhi yake tunateremka. Na huu mteremko wa Lushoto mpaka Mombo jamani usiuchukulie kama mapumziko, ni kilomita 33 za kona juu ya kona, unashuka zaidi ya mita 900, mkono wa kulia mlima mkono wa kushoto bonde na Fuso linakuja limejaa kabichi. Mtu mgeni anashika breki anazing'ang'ania toka juu mpaka chini, hilo ndo kosa. Breki za mpira zinazobana rimu zikikamatwa muda wote rimu inachemka, na ikichemka kiraka ulichobandika kwa solushen kinaachia chenyewe, unapata pancha katikati ya kona. Unatakiwa ubane kwa nguvu kidogo kisha uachie, ubane uachie, ya nyuma na ya mbele kwa zamu, na ukifika Soni usimame kabisa. Pale kuna maporomoko ya maji pembeni ya barabara, watu wanauza mapeasi na matunda damu, unakula huku chuma kinapoa. Mara ya kwanza nilimwagia rimu ya nyuma maji ya chupa kidogo yakalia chaa, kama ukidondoshea maji kwenye kikaango, nikaogopa sana maana nilikuwa bado nusu ya mteremko.

Unatoka Lushoto umevaa sweta, ukungu umekaa kwenye miti ya Magamba, ukifika Mombo unatafuta kivuli. Ndani ya saa mbili umebadilisha hali ya hewa, mazao, hata harufu, juu ni majani mabichi na moshi wa kuni, chini ni vumbi kavu na mikonge. Kwenye gari unalala hiyo yote unaamshwa stendi.

Sasa Mombo mpaka Korogwe sitawaficha, sipapendi. Ni barabara kuu, mabasi ya Arusha na Moshi yanapita, malori yanapita, na sisi wa baiskeli tunabaki pale kwenye mstari mweupe. Mwaka juzi basi moja lilikuwa linaovateki lori likaja upande wangu likiwasha taa, nikatoka nje ya lami, na ukingo wa lami pale ulikuwa juu ya ardhi kama shubiri nzima, gurudumu la mbele likaanguka nikaenda nalo. Kiwiko kilichubuka tu namshukuru Mungu lakini rimu ilipiga nane, yaani ilipinda. Tukakokota mpaka Korogwe, tukampata fundi chini ya mwembe, mzee wa makamo hivi, hakuuliza hata tumetoka wapi. Aliipindua baiskeli ikasimama kwa usukani na siti, akaegemeza kidole gumba kwenye foki, ile mikono ya chuma inayoshika gurudumu, akawa anazungusha gurudumu taratibu, pale rimu inapokuja kugusa ukucha anasimama, analegeza njiti (spoku) ya upande ule anakaza ya upande wa pili, robo duara, anazungusha tena. Dakika arobaini hivi kanyoosha nane yote. Nasimulia hivi sababu sehemu zote mbili za huu mkasa ni zetu, mafundi wa namna hiyo tunao kila kijiji toka Lushoto mpaka baharini, na ukingo wa lami ule nao ni wetu.

Ukitaka kukwepa barabara kuu ipo njia ya vumbi kutoka Korogwe kupitia Magoma na Mashewa, kwenye bonde la Luengera linalotenganisha Usambara ya magharibi na ya mashariki, ila wakati wa masika usijaribu. Sisi safari mbili tumepita Hale mpaka Muheza, kununua machungwa, halafu tukapandisha Amani. Kule ndo kuna bustani ya mimea Wajerumani waliyoanzisha mwaka 1902 na msitu ambao ukiingia hata saa sita mchana unasikia baridi shingoni. Mtu mwenye gia chache atakokota sana, hakuna aibu, mi mwenyewe nimekokota.

Kutoka Muheza kuja Tanga nchi inashuka polepole, minazi inaanza kuonekana, na hapa ndo nifike kwenye jambo langu lenyewe.

Tanga mji wetu ni wa baiskeli. Mtu anaenda nayo sokoni, kazini, msikitini, mtoto mbele mama nyuma, na hatuoni ajabu. Ukitoka Tanga alfajiri kuelekea Pangani utapishana na wauza samaki wanatoka Kigombe wanakuja mjini, kila mmoja na tenga nyuma limefunikwa majani, maji ya samaki yanadondoka kwenye tairi la nyuma yanachora mstari barabarani, wanapiga pedeli kwa kasi maana jua likitoka samaki haina bei. Hao hawatembei kitalii. Barabara ile ni yao kila siku na ilikuwa yao tangu ni kifusi na vumbi, gari zinaenda taratibu kwa sababu ya mashimo. Lami ikikamilika gari haziendi taratibu tena, hilo kila mtu anajua, na yule mwenye tenga atakuwa palepale kwenye mstari mweupe kama mimi Mombo.

Barabara hii ni zaidi ya kilomita 240 na ina daraja kubwa la Pangani la mita 525 litakalochukua nafasi ya pantoni. Nami nafurahi kabisa, nisieleweke vibaya, mgonjwa wa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, asisubiri pantoni usiku. Ombi langu kwa wanaosimamia ujenzi ni kwamba pembeni ya lami, pande zote mbili, iachwe njia ya mita moja na nusu, lami ileile, isiwe na mdondoko ukingoni, na isiishie pale daraja linapoanza. Halafu rasta. Zile rasta wanazoweka kupunguza mwendo wakizivuta mpaka mwisho wa lami baiskeli yenye mzigo inatetemeka yote, njiti zinakatika, mayai yanapasuka, kwahiyo muuza samaki anazikwepa kwa kuingia katikati ya barabara ambako ndo gari lipo. Waache nafasi ya tairi moja tu pembeni, haiongezi gharama hata kidogo, inapunguza.

Na hapo ndo utalii unaingia. Wazungu wanakuja na baiskeli zenye mabegi pande mbili wanapita huku toka zamani, wanajua kitu ambacho sisi tunakipita tumelala kwenye basi. Kilomita kama 17 tu kutoka mjini uko Tongoni, msikiti wa kale na makaburi ya Waswahili wa karne na karne, unaegesha baiskeli chini ya mbuyu. Mbele kidogo Kigombe, bahari yake imo ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya silikanti, yule samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani. Ukiingia Pangani unakuta mji uleule ambao Abushiri aliongoza watu kupigana na Wajerumani mwaka 1888, wakamnyonga hapohapo Desemba 1889. Na mkonge wote unaouona toka Mombo asili yake ni Kikogwe hapo Pangani, ililetwa miche toka Florida mwaka 1893 ikafika hai 62 tu. Mi somo hilo nalifundisha darasani lakini nilielewa vizuri nilipopita mashambani kwa pedeli siku tatu mfululizo mistari ya mkonge haiishi.

Kitu kimoja nawapa wanaotaka kujaribu, na kimenigharimu mwenyewe. Angalieni upepo kama wavuvi wanavyoangalia. Likizo ya Juni tuliondoka Tanga kwenda kusini, na Juni ni kusi, upepo unaotoka kusini, ulikuwa usoni kutoka Bweni mpaka Mkwaja, ardhi ni tambarare lakini tulikuwa tunapiga gia ya mlima, kilomita nane kwa saa, mchanga unaingia mdomoni. Mzee mmoja anayesuka nyavu akatwambia nyie mngesubiri kaskazi. Desemba tukarudi, kaskazi ikatusukuma mgongoni, njia ileile tuliyomaliza siku nzima tukaimaliza kabla ya adhuhuri. Kwahiyo anayetoka milimani kwenda Bagamoyo aende Desemba hadi Februari, anayetaka Juni hadi Agosti aanzie Bagamoyo aje Tanga. Saadani kuna simba na tembo, sisi baiskeli tulipakia kwenye gari la mizigo hapo Mkwaja, tukazishusha Bagamoyo, tukamalizia magofu ya Kaole kwa pedeli.

Wahusika wa barabara kama wanasoma gazeti hili naomba siku moja watoke saa kumi na moja alfajiri wasimame pale Kigombe, wawahesabu wale wenye matenga wanaopita mpaka saa moja, ndo wakae wachore upana wa pembeni. Sisi Desemba hii tukijaaliwa tunaondoka tena, safari hii wanafunzi wangu wawili wa kidato cha nne waliomaliza mitihani wameomba kuja, na wazazi wao swali wameniuliza moja tu, mwalimu hizo gari je.

Msomaji wako,
Mwalimu mpanda baiskeli, Tanga