Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayejenga Uyole, Mbeya: pampu ya kisima inunuliwe mwisho

Mdogo wangu mpendwa,

Ramani ya nyumba nimeiona, na picha ya ile pampu ya kisima ya HP 2 (nguvu za farasi mbili) uliyoikuta Kariakoo nimeiona pia. Umeniuliza kama uilipie sasa kabla bei haijapanda. Usiilipie. Sababu zangu hazitoshi kwenye meseji, ndiyo maana naziandika hapa, wapate kuzisoma na wengine wanaojenga huku nyanda za juu kwa kutuma hela kutoka mbali.

Nyumba hii atakaa mama. Wewe utakuja Desemba na watoto, mimi nitapita Jumapili baada ya ibada, lakini LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ikianza kulia usiku atakayeisikia ni yeye. Kila jambo la maji kwenye ile ramani nimelipima kwa kujiuliza kama mama ataliweza akiwa peke yake.

Tuanze na kisima, maana hicho ndicho kinachoiamua pampu. Wewe umeanza na pampu, ukadhani kisima kitaifuata. Chini ya kiwanja chako hatujui kuna nini. Huku kwetu kuna udongo na mawe ya volkano, majivu na pumisi za Mlima Rungwe, na tabaka moja linaweza kupitisha maji vizuri huku la chini yake likiyazuia kabisa. Kule Iringa hali ni nyingine: pale Gangilonga unaona mwenyewe lile jiwe kubwa, na mji wenyewe umekaa juu ya mawe ya namna hiyo. Maji ya chini hukaa kwenye nyufa na kwenye tabaka la juu lililooza, kwa hiyo jirani anaweza kupata kisima kizuri na wewe, hatua chache kutoka kwake, ukatoboa vumbi tupu. Kwa hiyo mtu akikwambia "hapa Uyole maji yapo tu", mwulize yapo mita ngapi, na yanatoka lita ngapi kwa saa. Akikosa jibu, hajakwambia kitu.

Hela ya kwanza iende kwa mpimaji. Kipimo chenyewe hakina uchawi: wanachomeka vyuma ardhini, wanapitisha umeme kidogo, wanasoma jinsi ardhi inavyoupinga, na kutokana na hapo wanakadiria tabaka lenye maji lipo kina gani. Hakihakikishi kwamba maji yatapatikana, ila kinapunguza kubahatisha. Yule mzee anayetafuta maji kwa kijiti, anayesifiwa mtaani, namheshimu kwa umri wake, lakini shimo lenyewe litalipiwa kwa mita, na mita hazirudishwi.

Kuchimba kwa mashine kunataka kibali cha bodi ya maji ya bonde, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Mabonde yetu yanakwenda kwa jinsi maji yanavyotiririka. Ya Tukuyu yanashuka Ziwa Nyasa, ya upande wa Mbalizi yanaingia Mto Songwe mpaka Ziwa Rukwa, na ya Usangu na Iringa yanaishia Rufiji. Uyole ipo karibu na pale maji yanapogawana njia, kwa hiyo nitakwenda mwenyewe ofisini na namba ya kiwanja, wanielekeze. Mchimbaji anayesema kibali si lazima, tumwache aende zake. Na kabla hujasaini naye kitu, mkataba useme wazi shimo likitoka kavu nani analipa nini. Hilo watu wengi hawaliulizi mpaka siku lori la mashine linapoondoka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe hasa. Kisima kikishachimbwa, wataweka pampu ya majaribio. Siku hiyo nitakuwepo, na ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, hiyo ni lita 30 kwa dakika, lita 1,800 kwa saa. Lakini ndoo ya kwanza haina la kusema. Ninayoitaka ni ile ya baada ya masaa ya kuvuta mfululizo, pamoja na kipimo cha kamba kinachoonyesha maji yameshuka mpaka wapi ndani ya shimo. Vitu hivyo viwili, kiasi kinachotoka na kina maji yanapotulia pampu ikiwa inavuta, ndivyo vinavyochagua pampu. Na ikiwezekana tupime Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, ardhi ikiwa imekauka. Kisima kifupi kilichopimwa Aprili, mvua za masika zikiwa zimejaa chini, kitakupa matumaini ambayo Oktoba hakitayatimiza.

Kuna jirani yetu kule Igawilo, kisima chake kidogo, pampu yake kubwa. Anawasha, maji yanakuja kwa kishindo dakika chache, kisha bomba linaanza kukohoa: hewa, povu, tope la rangi ya chai, mota inabadilisha sauti. Anakimbia kuzima. Anasubiri, anawasha tena. Mota ya kuzamishwa hupozwa na maji yale yale inayoyavuta, kwa hiyo kila inapovuta hewa inajichoma. Ameshabadilisha mota, na kisima kimebaki kile kile.

Tuchukulie kisima chetu kitatoa lita 800 tu kwa saa. Wewe utasikitika, mimi nitashukuru. Mama akiishi na wajukuu wawili na dada wa kazi, nao hawawezi kupita lita 400 kwa siku, hiyo ni kazi ya nusu saa. Kuinua lita 800 kwa saa kutoka mita 60, pampu ya karibu nusu HP inatosha. Ile yako ya HP 2 ingekikausha kisima hicho kabla mama hajamaliza kuosha vyombo. Tununue inayolingana na kisima, iwe na kifaa cha kuzima yenyewe maji yakiisha na kingine cha kuilinda umeme ukishuka, maana jioni huku taa zinafifia watu wakiwasha majiko na pasi. Tenki la lita 5,000 juu ya mnara ndilo litakalofanya kazi ya akiba. Baadaye ukitaka paneli za jua, tenki hilo hilo litakuwa betri yetu: jua likiwepo linajaa, usiku tunatumia. Na kiangazi, kisima kinapohitajika zaidi, ndipo jua letu linapokuwa wazi.

Umeme wenyewe usikutishe. Lita 1,000 kutoka mita 60, hata kwa pampu isiyo na ufanisi mkubwa, hazili zaidi ya nusu uniti. Maji ya mwezi mzima, lita 12,000, ni kama uniti 6. Kwa shilingi 356 kwa uniti ni elfu mbili na kidogo. Gharama ya kisima ipo kwenye shimo na kwenye mota inayoungua.

Umetaja pia pampu ya juu, ile ya bei nafuu uliyoiona kwa rafiki yako Kigamboni ikivuta kisima cha mita saba. Mbeya ipo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Pampu inayokaa juu haivuti maji kwa nguvu zake pekee, hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma yapande bombani, na hewa ya huku ni kama asilimia 80 tu ya ile ya Dar. Kule pwani kikomo cha hesabu ni mita 10.3, na mafundi hawapiti saba au nane. Huku kikomo kinashuka mpaka mita nane na ushee, na kwa kazi ya kila siku usitegemee zaidi ya sita. Mota zinazopozwa kwa hewa nazo kwa kawaida huandikiwa uwezo wake kwa mwinuko usiozidi mita 1,000, na jenereta hupungukiwa nguvu kwa sababu hiyo hiyo. Muuzaji wa Kariakoo hana kosa, ila anaijua pampu yake kwa hali ya Dar.

Na sasa bwawa la kuogelea. Nimeliona kwenye ramani, mita nane kwa nne, na najua ulivyolitamani tangu ukiwa mdogo. Nakuomba ulitoe. Bwawa la ukubwa huo, kina cha mita 1.4, linameza karibu lita 45,000 siku ya kwanza, maji ya mama ya karibu miezi minne. Kila milimita moja inayopotea kwa jua na upepo ni lita 32, na Septemba upepo wetu unaujua. Pampu yake haipandishi maji kutoka mahali. Inayazungusha tu kwenye chujio la mchanga, kila siku, aogelee mtu asiogelee. Ya kilowati 0.75 ikizunguka masaa 8 inakula uniti 6 kwa siku, sawa na kisima kwa mwezi. Kwa mwezi ni 180, shilingi elfu 64 na kitu, bila dawa. Na mama akiwa kwenye D1, bei ya umeme ya wanaotumia kidogo, ile ya shilingi 122 kwa uniti, uniti 75 za mwezi zitakwisha kabla ya nusu ya mwezi. Zipo pampu za kubadilisha mwendo, na ni nzuri kweli: ukipunguza mwendo nusu, umeme unaoliwa unashuka mpaka karibu sehemu moja ya nane, kwa hiyo hata ukiizungusha mara mbili ya muda unaokoa sana. Kwa mwenye hoteli ningemshauri hiyo bila kusita. Kwa mama ambaye Juni na Julai usiku unashuka chini ya nyuzi 10, sioni nani atakayeingia humo.

Hela ya bwawa iende kwenye gata. Paa lako ni kama mita za mraba 150, kwa hiyo kila milimita moja ya mvua ni lita 150, na mvua moja nzuri ya milimita 10 ni lita 1,500 zilizopita bure mbele ya mlango. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mama atafua na kumwagilia bila kugusa kisima. Maji ya kutumia kiangazi hatutaweza kuyahifadhi yote, tusijidanganye, matenki yangejaza kiwanja. Hapo ndipo kisima na bomba la mamlaka ya maji vitakapoingia, na bomba usilikatae hata kisima kikitoka vizuri.

Shimo la choo nimelisogeza kwenye ramani mpaka kona ya chini, mita 30 kutoka kisima kinapotarajiwa kuwa, na upande ambao mteremko unaelekea. Maji ya kwanza tutayapeleka maabara, wapime na floraidi na chuma pamoja na vijidudu. Sasa niambie fundi wa bati anaanza lini, ili mtu wa gata aje wakati jukwaa bado limesimama.

Dada yako